Mama yako yumo kwenye kadi yangu, mimi simo kwenye yako

Mwezi huu nilipanga tuongelee wakwe wanaokuja kusalimia kwa wiki mbili wakakaa miezi minne. Nilishaanza hata kuandika. Lakini juzi nikiwa saluni pale Sinza, dada mmoja aliyekaa chini ya draya ya jirani yangu alipigiwa simu. Alisikiliza, akasikiliza, halafu akasema kwa sauti iliyosikika saluni nzima, “Sasa kama hiyo bima hawaipokei, mnampeleka wapi?”

Wenzangu walirudi kwenye magazeti yao. Mimi nilishindwa. Lile swali niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe nikiwa nimesimama mapokezi ya hospitali moja hapa Dar na tumbo la wiki 33. Kwa hiyo wakwe watasubiri kidogo, ingawa mama mkwe wangu atapita humu ndani, hakwepeki.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Machi 2024. Wengi mtaikumbuka. Siku hiyo ndiyo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kutumia kitita chake kipya cha mafao, yaani orodha mpya ya huduma na dawa unazolipia na bei ambazo uko tayari kuzilipa. Hospitali na vituo binafsi kupitia chama chao, APHFTA, walikuwa wameshasema bei zile hawaziwezi. Siku zilizotangulia habari ilikuwa redioni, kwenye magazeti na kwenye magrupu yote ya simu. Na mimi niliisikia. Lakini unajua tena sisi wanadamu, ukisikia mgomo wa watu wazima wenye tai unadhani watamalizana huko huko juu usiku kabla ya asubuhi.

Nilikuwa na miadi na daktari wangu. Naomba nimweleze huyu daktari kidogo, maana bila hivyo utaniona mwenye madeko. Kabla ya mimba hii nilipoteza mbili. Ya kwanza ya miezi mitatu, ya pili ya mitano. Ile ya pili iliponitoka kuna watu waliniambia “Mungu ana makusudi yake”, kuna waliouliza kama nilikuwa navaa viatu virefu, na kuna mmoja, simtaji, alimshauri mume wangu “aangalie vizuri upande wa mke”. Daktari huyu ndiye mtu wa kwanza aliyechukua kalamu, akageuza karatasi na kunichorea kilichotokea, halafu akaniambia kwamba si kosa langu. Wanawake wengine wana fundi wao wa nywele ambaye akihama wanahama naye. Mimi nina daktari.

Basi nikafika, nikatoa kadi yangu kama siku zote. Binti wa mapokezi hakuipokea hata mkononi.

“Dada, samahani, kuanzia leo kadi ya NHIF hatupokei. Kama una taslimu utamwona daktari.”

Nyuma yangu kulikuwa na mzee amekumbatia bahasha kubwa ya kaki, zile za picha za X-ray. Nikamsikia anasema taratibu, “Hata ya wastaafu?” Binti akatikisa kichwa. Sikumchukia. Ungeona macho yake, tangu asubuhi alikuwa anarudia sentensi hiyo hiyo kwa watu wanaomtazama kana kwamba kaitunga yeye.

Sikuogopa. Kwa nini niogope? Mimi ni mwajiriwa wa taasisi ya umma, nina NHIF. Mume wangu yuko kampuni binafsi, na kampuni yao inawakatia bima kwenye kampuni ya bima. Nyumba yenye kadi mbili! Nilikuwa najigamba nazo hata kazini. Nikampigia simu, “Baba, NHIF wamegoma kweli. Njoo na kadi yako.”

Akanyamaza. Si kunyamaza kwa mtu anayetafuta funguo. Halafu akasema, “Nakuja.”

Alifika baada ya dakika arobaini, shati limelowa mgongoni. Akatoa kadi, akaweka kidole kwenye kile kimashine. Binti akaangalia kompyuta, akaangalia tena.

“Kaka, wewe upo. Ila huyu dada hayumo.”

Msomaji wangu, nilimtazama mume wangu usoni. Mtu asiyejua kitu angeshangaa, angesema “Haiwezekani, hebu angalia vizuri.” Yeye alitazama chini. Hapo ndipo nilipojua.

Kulipa taslimu tungeweza kwa kujikamua. Mshahara wangu ulikuwa umeingia wiki iliyopita na ulikuwa umeshagawanywa: kodi ya nyumba, vitu vya mtoto, mchango wa harusi ya binamu. Tungekopa kwenye simu, tungempigia mtu. Lakini mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira, nikasema “Twende nyumbani”, nikatoka. Na hapa naomba uniwie radhi, nitasimama kidogo, maana ni jambo ambalo mpaka leo linaniamsha usiku. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu Alhamisi. Nilikuwa nimepanga kumwambia daktari. Nilipokosa daktari sikumwambia mtu yeyote. Hakuna aliyenipima presha siku ile. Niliondoka na kichwa changu kwa sababu nilikuwa na ugomvi wa kumaliza.

Kwenye gari kimya. Foleni ya Ijumaa mnaijua, na kimya ndani ya foleni ni kirefu kuliko kimya cha nyumbani. Tulipofika ndiyo yakatoka.

Maelezo yake ni haya. Kila Januari HR wao huleta fomu ya bima. Mfanyakazi analipiwa na kampuni. Akitaka kumwongeza mke, nyongeza inakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi. Januari ile mdogo wake wa mwisho alikuwa chuoni, ada haijakamilika. Akapiga hesabu yake ya kiume. Mke wangu ana ya serikali, kadi mbili za nini, bora makato hayo yamsaidie dogo. Akaacha nafasi ya mke wazi, akasaini.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekwambia ungesema namjali mdogo wangu kuliko wewe.”

Hapo nikasema lile neno ambalo nimelifanya kichwa cha habari. Kwa wasioujua utaratibu wa NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye anaweka asilimia 3, na kadi inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Wazazi wanaruhusiwa, na wakwe pia. Mwaka ule tuliofunga ndoa mimi nilijaza fomu yangu hivi: mume, baba yangu, mama yangu, mama mkwe. Nafasi ya nne nilisema naiweka, itakuwa ya mtoto. Iliponitoka mimba ya kwanza nikaiacha wazi. Iliponitoka ya pili dada yangu akaniomba nimwandike mwanawe kama inawezekana, nikakataa, tukanuniana mwezi mzima. Mama mkwe ana sukari, anaishi Tanga, na kwa kadi hiyo alikuwa anachukua dawa zake Bombo kila mwezi.

“Mama yako yumo kwenye kadi yangu,” nikamwambia. “Wewe mwenyewe umo. Mimi simo kwenye yako.”

Hakujibu. Alilala sebuleni bila kufukuzwa.

Jumamosi asubuhi nilitoka nje kuanika nguo, kwa hasira tu, maana nguo zenyewe zilikuwa mbili. Jirani yetu, mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Nesi, alikuwa anafagia upande wake. Akaniangalia.

“Wewe, huo uso umeamka nao?”

Nikasema sijalala vizuri. Akaacha ufagio, akaingia ndani, akarudi na kipimo chake cha presha. 158 kwa 104. Akapima mkono wa pili. Hakunitisha, aliuliza maswali tu, haraka haraka kama anaokota vitu. Kichwa kinauma tangu lini? Unaona vimulimuli? Juu ya tumbo, hapa chini ya mbavu, panauma? Pete mbona umevua? Nilikuwa nimeivua kwa sababu vidole vilivimba, na nilikuwa nimeiacha juu ya meza makusudi ili mume wangu adhani ni ujumbe.

Akina dada mnaonisoma, na akina kaka mnaowasomea wake zenu: kwa mjamzito presha ikifika 140 kwa 90 tayari ni jambo la kuangaliwa. Ikichanganyika na kichwa kisichoacha, uso kuvimba na macho kuona ukungu, hiyo ni njia ya kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba huua mama, huua na mtoto. Haisubiri NHIF na hospitali wakae mezani.

Mama Nesi alimwita mume wangu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. “Mpeleke mkeo hospitali ya rufaa ya mkoa, sasa hivi. Msiende kuuliza bima wapi. Pale watampokea.”

Na kweli walinipokea. Hospitali za serikali zilikuwa zinaendelea na NHIF kama kawaida. Foleni? Ilikuwepo, tena ya kutosha, siku hiyo na waliokataliwa kwingine nao walikuwa wamekuja. Lakini muuguzi wa pale mlangoni aliniona uso, akanitoa kwenye mstari kabla sijakaa. Wakapima mkojo, protini imo. Nikalazwa. Miaka yote nilikuwa naogopa wodi za serikali kwa hadithi za watu. Nisiseme uongo, shuka nililetewa kutoka nyumbani na joto lilikuwa la kuoka mkate. Ila presha yangu ilipimwa usiku mzima na mwanafunzi mmoja wa uuguzi ambaye kila akija ananiambia “Samahani mama, mimi tena.”

Sasa sikilizeni kioja. Jumatatu asubuhi madaktari wanapita wodini, kundi zima la makoti meupe. Wa mbele yao, amenyoosha mkono kuchukua faili langu, ni nani? Daktari wangu!

“Na wewe umefikaje huku?” ananiuliza yeye.

“Dokta, wewe ndiye umefikaje huku?”

Akacheka. Kumbe hapo ndipo ajira yake ilipo. Asubuhi yuko hospitali ya serikali, jioni anakwenda kwenye ile hospitali ya binafsi. Mwaka mzima na nusu nilikuwa namwona saa kumi na moja jioni, na siku moja sikuwahi kujiuliza mchana anakuwa wapi. Wale mabingwa wengi tunaowafuata kwa gharama jioni, asubuhi wapo hospitali za umma. Sisemi ni rahisi kumpata unayemtaka, kule unapangiwa aliye zamu. Lakini ningejua, ningekuwa nimeshauliza.

Nililazwa siku tisa. Siku moja wodi ilipotulia nilimuuliza swali lililokuwa linanichoma: kwa nini madaktari mnachagua bima? Nilitarajia ajitetee. Alivuta kiti.

Akaniambia kwanza nielewe kwamba kadi si pesa. Mgonjwa anaona ametoa kadi, amelipa, kwaheri. Hospitali inaona karatasi. Ile fomu unayosaini baada ya kuonwa inakusanywa na nyingine za mwezi mzima, inapelekwa kwa mwenye bima, inakaguliwa. Kuna zinazolipwa zote. Kuna zinazokatwa, kwa sababu dawa haiko kwenye orodha, au saini imekosekana, au mkaguzi kaona kipimo hakikuwa na lazima. Hela inakuja baadaye, nayo ikiwa pungufu hakuna wa kumfuata mgonjwa aliyekwisha kwenda zake. Wakati huo umeme, mishahara na muuza dawa vinataka chao mwisho wa mwezi.

Halafu kuna bei yenyewe. Mwenye bima anapanga kumwona bingwa ni kiasi fulani, kidonge fulani ni kiasi fulani. Kama duka la jumla linauza kidonge hicho kwa bei kubwa kuliko hiyo, kila mgonjwa unayempa ni hasara. Daktari mwenye kliniki yake ndogo, ya vyumba viwili na muuguzi mmoja, hana pa kuificha hasara hiyo. Ndiyo maana ukienda kliniki nyingine utakuta kibandiko mlangoni cha kampuni mbili tu za bima, na nyingine hazina kibandiko kabisa, ni taslimu. Anachagua wanaolipa vizuri na wanaolipa mapema. “Mimi mwenyewe,” akasema, “pale jioni si mimi ninayeamua. Ijumaa ile nilikuwa nimekaa chumbani nasubiri wagonjwa, nikaona hawaingii.”

Nilimuuliza sasa Mfuko nao una kosa gani. Akasema hilo niwaulize wao, na niseme ukweli, hoja yao nayo ilikuwa na uzito. NHIF ilianza kutoa huduma mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Leo inabeba figo, saratani, mioyo na wazee wetu wote tuliowaandika humo. Walikuwa wanasema bei za zamani zilikuwa zinawalipa baadhi ya watoa huduma kuliko hali halisi ya soko, na kwamba kuna udanganyifu, watu kuandikiwa dawa wasizozichukua. Hilo la udanganyifu usiniambie hulijui. Kila ofisi ina mtu aliyewahi kumwazima kadi binamu yake. Mfuko ukifilisika, mama mkwe wangu wa Tanga atakwenda wapi?

Kwa hiyo ukiniuliza niko upande gani kwenye bei, nitakwambia sina upande, kila mmoja ana hesabu zake. Wao wenyewe walikaa, wakazungumza na serikali, na huduma zikarudi siku zile zile za Machi. Kinachoniuma mimi ni kwamba mjamzito anayefuatiliwa kwa presha alikuja kuambiwa dirishani. Namba yangu ya simu wanayo. Kila mwezi walikuwa wananitumia meseji kunikumbusha miadi, hata ile ya Ijumaa walinikumbusha! Wangeongeza mstari mmoja tu kwenye meseji ile. Daktari ana haki ya kusema bima hii siichukui. Aseme mapema, na aniambie niende wapi.

Nilipokuwa nayasema haya kitandani kwa hasira, mume wangu alikuwa amekaa pembeni anamenya chungwa. Akasema bila kuinua uso, “Hata mimi ningeongeza mstari mmoja.”

Nikala chungwa.

Msidhani ni sisi tu. Majirani zetu wa Kenya waliivunja NHIF yao, na mamlaka mpya, SHA, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Hospitali za binafsi zikawa zinadai malimbikizo ya enzi za mfuko wa zamani, na wagonjwa wakajikuta wanaambiwa watoe taslimu huku kadi wanayo. Shoga yangu anayeishi Houston ananiambia kule Marekani ndiyo usiseme, kwanza unatafuta daktari aliye kwenye mtandao wa bima yako, ndipo unaugua. Wenye bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, Medicaid, wanazungushwa zaidi, kwa sababu inawalipa madaktari kidogo kuliko bima nyingine.

Binti yetu alizaliwa wiki ya mwisho ya Machi, kwa upasuaji, pale pale hospitali ya rufaa. Kilo mbili na robo, sauti ya kilo kumi. Tulipopata cheti chake cha kuzaliwa nilikwenda mwenyewe kumwandikisha kwenye ile nafasi ya nne. Karani aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia vumbi.

Mama mkwe aliyapata yote, sijui kwa nani, mtaa una mdomo. Akapiga simu kutoka Tanga. Nilijiandaa kutetewa mwanawe. Akasema, “Mwanangu, nimeambiwa nakujazia kadi. Nitoe. Mimi dawa zangu nitanunua.” Nikamwambia mama, nafasi ni yako, hakuna anayekutoa. Akanyamaza, halafu akaniuliza, “Na huyo mwanangu amekuandika?” Nikasema Januari, mama. “Basi Januari nitapiga.” Na alipiga kweli, tarehe 6 Januari 2025, si mimi, alimpigia yeye.

Lakini kuandikwa peke yake hakukutosha, hili ndilo nililojifunza kwa jasho. Siku ile kadi mpya ilipokuja tulikaa mezani usiku, mtoto amelala, tukaweka kadi zote mbili na kale kakijitabu ambako hakuna anayekasoma. Kumbe kwenye kadi yake uzazi una kikomo chake peke yake, kidogo kuliko cha kulazwa kwa kawaida. Kumbe upasuaji usio wa dharura unahitaji kibali, na kibali kinaombwa na hospitali, si wewe, kwa hiyo ukifika siku yenyewe bila kibali utakaa kwenye benchi. Na kumbe ile orodha ya hospitali ilikuwa ya zamani. Tulipiga simu kwa zilizo karibu na nyumbani, tano. Moja ilisema iliacha kuchukua bima hiyo zamani. Nyingine ikasema hospitali inaipokea lakini daktari wa watoto wa pale haichukui, kwake ni taslimu. Hapo ndipo nilipojua kuuliza “mnapokea?” ni nusu ya swali. Uliza daktari gani, kwa siku gani, na dawa je, zinatoka hapo hapo au utaandikiwa ukanunue.

Mume wangu ndiye aliyetoa wazo la akaunti. Kila mwisho wa mwezi mimi natoa kidogo, yeye anatoa kidogo, inakaa kwenye akaunti isiyo na kadi ya kutolea, jina lake tumeiita Dirishani. Kazi yake ni moja tu, siku binti wa mapokezi akisema “samahani dada”, tusirudi nyumbani. Mdogo wake amemaliza chuo. Ada ya mwisho tulilipa kwa pamoja, na nikaiona risiti. Kama angeniambia ile Januari ya kwanza ningenuna, ndiyo, mimi najijua. Ningenuna siku mbili, tatu, halafu tungekaa tukapiga hesabu.

Kuna mambo hayajapona. Mpaka leo akinyamaza kwenye simu moyo unanilipuka, hata kama kweli anatafuta funguo.

Tuurudie ule mkutano wa saluni. Dada yule alipokata simu nilimgusa mkono, nikamuuliza nani anaumwa. Baba yake, akasema, figo, yuko kwenye gari na kaka yake wameshakataliwa sehemu moja. Nikampa jina la hospitali niliyoijua mimi, nikamwambia wakifika waseme ugonjwa kwanza, bima baadaye. Aliinuka na rola kichwani. Fundi akamkimbilia na kitambaa mpaka barabarani, hata pesa hakumdai.

Mimi nikarudi chini ya draya. Nikatoa simu, nikamwandikia mume wangu: “Kadi yako inaisha lini?”

Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini. “Desemba. Jina lako lipo, nimeangalia jana. Mama naye kauliza.”

Haya, mwezi ujao ni zamu ya wakwe, niliwaahidi. Niandikieni mapema, na wale mlioniambia msitajwe majina, sitawataja.